Mukwava Jukwaani, Merere Nje ya Pazia

Fasihi ya Kiswahili iliwajua wafalme wa mbali kabla ya kuwajua wa jirani. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere alimvisha Kaisari wa Roma vazi la Kiswahili, akairudia na kuisahihisha tafsiri yake mwaka 1969. Samuel Mushi akamleta Makbeth mwaka 1968, na Mfalme Edipode mwaka 1971. Kijana aliyesoma sekondari katika miaka ile, awe wa Unguja au wa Iringa, aliweza kueleza kwa ufasaha sababu zilizomfanya Brutus amchome jambia rafiki yake. Lakini lau angeulizwa kwa nini Mpangile, ndugu yake Mkwawa, alikubali kutawazwa na Wajerumani mwishoni mwa mwaka 1896, na kwa nini Wajerumani hao hao walimnyonga mapema mwaka uliofuata, aghalabu angenyamaza. Kisa hicho hakipungukiwi na msiba hata kikilinganishwa na cha Roma. Kina ndugu wawili na kiti kimoja, mmoja yuko porini anawindwa na mwingine amekaa mahali pake. Kisha kina mgeni mwenye bunduki, ambaye humpa mtu enzi kwa mkono wa kulia na kitanzi kwa mkono wa kushoto. Kilichokosekana ni kalamu tu.

Ndiyo maana tamthilia ya M. M. Mulokozi, Mukwava wa Uhehe, iliyochapishwa na East African Publishing House mwaka 1979, inastahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa. Visiwani na Mrima, Mulokozi anajulikana zaidi kwa ule mzozo wa ushairi usiofuata vina na mizani, ambao yeye na K. K. Kahigi waliukoleza kwa diwani yao ya Malenga wa Bara mwaka 1976. Na wapo wazee wa ushairi ambao hawajawasamehe. Hilo lisiwazuie kuisoma tamthilia. Hata anwani yake ina jambo la kusema. Mtunzi hakuandika "Mkwawa" kama yalivyozoea makarani na vitabu vya shule, bali "Mukwava", kwa namna iliyo karibu zaidi na kinywa cha Mhehe, kifupi cha Mukwavinyika, yaani mtwaa nchi. Kwa herufi mbili tu amemrudisha mtu kwa watu wake. Cheo chake huko kwao kilikuwa mutwa. Wajerumani walimwita sultani, neno walilolichukua Pwani na kulibandika juu ya kila mwenye watu kuanzia Bagamoyo hadi Ziwa Nyasa, na Waingereza wakaja na chifu lao. Kila mkoloni alileta neno, na Kiswahili kikayapokea yote bila ya kuuliza kama mutwa, sultani na chifu ni kitu kimoja.

Wakati tamthilia hiyo ilipotoka, uchifu ulikuwa umekwisha kufutwa kwa sheria Tanganyika tangu mwaka 1963. Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa mutwa huyo, alikuwa Spika wa Bunge tangu mwaka 1962, na alikikalia kiti hicho, kwa kukatizwa miaka michache tu, hadi mwaka 1994. Dola iliyowaondoa machifu walio hai ilikuwa na haja kubwa ya machifu waliokufa. Ilihitaji mashujaa wa upinzani kwa ajili ya vitabu vya shule na jukwaa, na haja hiyo haikuwa ya hila. Taifa changa lisilo na visa vyake hukaa likisimuliwa visa vya watu wengine. Ila haja hiyo ina gharama zake kwa sanaa. Jukwaa la upinzani hupenda pande mbili, huku wenyeji na kule wageni, na anayesimama katikati hana jina jingine ila msaliti. Ebrahim Hussein alikwisha kuonyesha katika Kinjeketile, mwaka 1969, kuwa mtego huo unaweza kukwepwa. Kinjeketile wake ananaswa na neno lake mwenyewe, na hadhira huondoka ikiwa na swali juu ya shujaa badala ya kumpigia makofi. Lakini Kinjeketile alikuwa mtu wa dini asiye na jeshi lake wala mahakama. Mfalme ni jambo zito zaidi. Mfalme ana majirani, na mfalme hajulikani mpaka waulizwe majirani zake.

Waulizwe basi. Nyanda za Juu Kusini hazikuwa uga mtupu uliokuwa ukiwangoja Wajerumani. Kabla ya jina la Wahehe kutisha, waliotisha walikuwa Wasangu wa bonde la Usangu, nchi ambayo leo imo katika wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Wao walijifunza vita kwa Wangoni waliotoka kusini, wakazishambulia koo za Uhehe zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na mkubwa wake. Munyigumba, baba yake Mkwawa, ndiye aliyeziunganisha koo hizo, tena kwa kuiga mbinu za wale wale waliokuwa wakimpiga. Katika miaka ya 1870 mambo yakapinduka: Wahehe wakawatoa watawala wa Usangu katika nchi yao. Watawala hao walirithishana jina la Merere. Merere Towelamahamba, aliyekuwa na enzi wakati huo, alihamia magharibi katika nchi ya Wasafwa, akajenga ngome chini ya milima ya Mbeya na kuipa jina la mji wake aliouacha, Utengule. Ndiyo maana mpaka leo kuna Utengule mbili. Mtu anapoujenga mji mpya na kuuita kwa jina la mji uliopotea, amekwisha kusema anachokitaka.

Mkwawa mwenyewe hakuupata utawala kwa urahisi. Munyigumba alipofariki, Mwambambe, mtu aliyekuwa chini yake, aliushika. Kijana akakimbilia Ugogo, kisha akarudi na kumshinda katika vita ambavyo mahali pake pangali pakiitwa Lundamatwe, yaani palipolundikwa vichwa. Baadaye ikajengwa ngome ya mawe Kalenga. Mtu huyu alikuwa jemadari na mjenzi, na alikuwa mkali. Walio chini yake walimwogopa kama walivyomtii. Tamthilia ya kishujaa hupata shida kuyabeba yote mawili, kwani ukali wa mfalme ukionyeshwa mno utamfunika mgeni aliye mkali zaidi.

Kwa msomaji wa Pwani na visiwani kuna jambo jingine katika kisa hiki, nalo linamgusa moja kwa moja. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo karibu na Iringa, wapiganaji wa Mkwawa walilivamia jeshi la Emil von Zelewski, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya watu wake, na kuteka bunduki na mizinga. Zelewski huyo ndiye aliyeitwa Nyundo. Ndiye aliyekuwa wakala wa kampuni ya Kijerumani Pangani mwaka 1888, ambaye ujeuri wake ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoiwasha Pwani yote na kumtoa Abushiri bin Salim vitani. Abushiri alinyongwa Pangani Disemba 1889. Aliyeutukana mji wa Pangani akaja kufa mikononi mwa Wahehe, mwendo wa siku nyingi kutoka baharini. Mtu angetazamia Pwani imtungie Mkwawa utenzi wa shukurani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alikuwepo, na utenzi wake wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima unaonyesha kuwa hakikukosekana kipaji wala uchungu.

Kilichopatikana ni kinyume chake. Katika makusanyo ya Carl Velten, mkalimani wa serikali ya Kijerumani aliyekuja kuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, limehifadhiwa shairi la Mwenyi Shomari bin Mwenyi Kambi juu ya kufa kwa Mkwawa, nalo halikutungwa kumlilia. Limesimama upande wa serikali. Mwamba ngoma huvutia kwake, na aliyeiwamba ngoma hiyo alikuwa ndiye aliyeshika kalamu, karatasi na matbaa. Hata hivyo si haki kulitupa shairi hilo kwa kusema kuwa mtunzi alilazimishwa au alijipendekeza. Misafara ya Pwani ilikuwa imeteseka kwa mashambulizi ya Wahehe katika njia za Usagara. Mfanyabiashara wa Bagamoyo alimjua Mkwawa kama mtu aliyefunga njia. Tena miongoni mwa askari walioingia Kalenga mwaka 1894 chini ya Gavana von Schele, pamoja na Wasudani, walikuwamo wasemaji wa Kiswahili. Lugha ambayo Mulokozi alimwimbia Mukwava mwaka 1979 iliwahi kutumika kupitisha amri za kumsaka. Ukweli huu haupunguzi uzuri wa tamthilia, ila unaipa deni ambalo wahakiki wameliacha likilala.

Wapo watunzi wa kale waliolipa deni la namna hiyo mapema. Aeschylus wa Athens alipigana na Waajemi huko Marathon mwaka 490 kabla ya Kristo. Mwaka 472, miaka minane tu baada ya jeshi la majini la Xerxes kuvunjwa Salamis, aliwaonyesha wananchi wenzake tamthilia iitwayo Waajemi. Jukwaa hakuliweka Athens. Aliliweka Susa, katika mji wa adui, miongoni mwa wazee na mama wa mfalme wanaongoja habari za vita. Hata marehemu Darius anainuka kaburini kumlaumu mwanawe. Hapana Mgiriki hata mmoja anayetajwa humo kwa jina lake. Waliokuwa wameshinda walikaa kitako wakasikiliza kilio cha walioshindwa. Tamthilia ya Kiswahili imempa Mkwawa sauti baada ya takriban miaka 80, na hilo ni jambo jema. Merere bado anangoja zamu yake.

Na kwa nini asingoje? Yeye alifanya lile lisilopendwa na vitabu vya shule: alishirikiana na Wajerumani. Lakini jambo hilo litazamwe kutoka Utengule ya pili, chini ya milima ya Mbeya. Mtawala anakaa ugenini miaka mingi, nchi yake inakaliwa na jirani aliyemfukuza, wazee waliotoka naye wanakufa mmoja mmoja. Watoto wao wanakua wakizungumza na Wasafwa. Ghafula anatokea mtu mweupe ambaye ni adui wa adui yake, ana mizinga, na hana anachokijua juu ya milima wala mito. Anahitaji chakula, wapagazi na viongozi wa njia. Merere anahitaji Usangu. Mtu anayesema mtawala huyo alipaswa kuungana na Mkwawa kwa ajili ya taifa hana budi aeleze ni taifa gani, kwani Tanganyika haikuwapo hata kwa jina. Towelamahamba alifariki katika miaka hiyo hiyo ya 1890 bila ya kurudi kwao. Aliyerejeshwa Usangu kwa msaada wa Wajerumani, kabla ya Mkwawa kufa, alikuwa mrithi wake. Ndoto ya baba ilitimia mkononi mwa mwana, kwa bei ambayo mwana hakuijua bado. Waandishi wa tamthilia hutafuta kisa kama hicho maisha yao yote.

Marcia Wright aliuandikia utafiti uhusiano wa Merere na Wajerumani mwaka 1968, mwaka ule ule ambao Alison Redmayne alichapisha makala yake mashuhuri juu ya Mkwawa na vita vya Wahehe. Wanahistoria, basi, waliwaweka watawala hawa wawili mezani pamoja. Watunzi wakamchukua mmoja. Kiswahili kilikuwa kinatafuta shujaa, na shujaa akapatikana. Hakuna aliyekwenda kumtafuta mtu mwenye shaka moyoni. Na wala hoja ya usaliti haisimami muda mrefu, kwa kuwa mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipowaka, wapiganaji wa Kihehe waliandamana na Kapteni Nigmann kutoka Iringa kwenda kuwapiga waliokuwa wakipigana na Wajerumani. Ilikuwa miaka saba tu baada ya Mkwawa kujiua. Ikiwa Merere ni msaliti, wapiganaji hao waitweje?

Pamoja na hayo, haifai kumtoa Merere katika kifungo cha usaliti kisha kumvika taji la utakatifu. Wasafwa hawakumwomba aje. Alitawala kwao kwa nguvu, na katika zama hizo enzi yoyote katika nchi ya kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ilisimama juu ya pembe za ndovu na watu waliotekwa. Ushahidi wake umo katika kazi ambayo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hawaigusi. Wamisionari wa Kimoravian walifungua kituo Utengule, katika mji uliokuwa wa Merere, mwaka 1895. Mmoja wao, Elise Kootz-Kretschmer, alisikiliza na kuandika masimulizi ya wenyeji kwa miaka mingi, akayatoa kwa Kijerumani katika juzuu tatu za kitabu chake juu ya Wasafwa, kati ya mwaka 1926 na 1929. Alikusanya pia habari za maisha ya wanawake waliowahi kutekwa, kuhamishwa kutoka mkono hadi mkono, na kukimbia. Miongoni mwao bibi aitwaye Narwimba. Wright alizirudisha habari hizo mbele ya wasomaji mwaka 1993.

Katika masimulizi ya namna hiyo wafalme wanaonekana kwa mbali, kama radi inayosikika nyuma ya mlima. Mwanamke hasemi ni nani aliyeshinda. Anasema walikimbilia wapi, nani alimpa unga, mtoto yupi hakurudi. Kwa mizani hii Mkwawa na Merere hawatofautiani sana, na hata Mjerumani, mwanzoni, ni mwenye nguvu mmoja zaidi aliyeongezeka katika orodha ya wenye nguvu. Ndipo ulipo udhaifu wa tamthilia zote za kifalme katika Kiswahili, za asili na za tafsiri pia: jukwaa lao ni barazani kwa mfalme, na aliyebebeshwa mzigo nje ya ngome hana mstari wa kusema. Shakespeare aliyejazwa Kiswahili na Nyerere na Mushi angalau alikuwa na walevi, walinzi wa lango na mafundi viatu. Watunzi wa hapa, kwa heshima yao kwa upinzani, wamekuwa wafalme kuliko wafalme.

Visiwani, kwa upande wao, hakuna sababu ya kuwacheka watu wa bara katika jambo hili. Sultani aliondolewa Unguja Januari 1964, na mpaka leo ni shida kumtaja katika hadithi bila ya msomaji kuuliza mwandishi ni wa upande gani.

Kuna mkataba mmoja, si wa fasihi, ambao umeeleza hali ya Mkwawa kwa maneno machache kuliko mtunzi yeyote. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, mutwa alijipiga risasi kabla askari hawajamfikia. Kichwa chake kilikatwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani kurejesha vitu viwili katika muda wa miezi sita: Msahafu wa Khalifa Uthman uliochukuliwa Madina, urejeshwe kwa Mfalme wa Hijazi, na fuvu la "Sultani Mkwawa", likabidhiwe serikali ya Mwingereza. Msahafu na fuvu katika kifungu kimoja, tena hilo la pili halikuelekezwa kwa Wahehe. Miaka 35 ikapita. Gavana Edward Twining alilitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, likachaguliwa moja kati ya mengi kwa kuwa lililingana na vipimo vya vichwa vya jamaa zake, na mwezi Juni 1954 likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi pale Kalenga, ambako limewekwa. Wapo wanaotilia shaka kama ndilo. Shaka hiyo yenyewe inatosha tamthilia nzima: gavana wa kikoloni anayechagua kichwa cha mfalme kwa rula, na ukoo unaokipokea kwa heshima zote kwa sababu kilio cha miaka 56 lazima kiishie mahali.

Lakini tamthilia inayokosekana zaidi ni ile ya Usangu, na mandhari yake ya kwanza imekwisha kuandaliwa na historia. Mwaka ni 1877. J. Frederic Elton, aliyewahi kufanya kazi katika ubalozi wa Uingereza Unguja na sasa ni balozi wa nchi yake Msumbiji, anapanda kutoka Ziwa Nyasa akichunguza biashara ya watumwa. Anafika kwa Merere na kumkuta vitani na Wahehe. Mkwawa bado ni kijana wa mfalme, Zelewski hajasikika, Abushiri yuko Pwani na shughuli zake, na Wajerumani hawana hata shubiri moja ya ardhi Afrika Mashariki. Elton atafariki Ugogo mwezi Disemba mwaka huo huo, na kitabu cha safari yake kitatoka bila yeye mwaka 1879. Yuko ngomeni. Mwenyeji wake anataka bunduki, na yeye anataka kuuliza habari za watumwa. Nje ya ukuta zinasikika ngoma za Munyigumba, na ndani, karibu na jiko, kuna mwanamke aliyetekwa mbali ambaye anawaelewa wote watatu, na hakuna anayemuuliza.